Kungoja Chokaa

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja, Chikongola,
ukuta kwa ukuta na mashine ya kusaga,
na kila mchoro uliotoka mle
ulitoka na unga.
Nandonde aliupuliza kabla ya kukunja karatasi.
Wateja wetu walikuwa wajomba, na majirani wa wajomba:
"Nichoreeni tu kidogo, vyumba viwili na sebule,
tutaonana korosho zikiuzwa."
Korosho ziliuzwa. Mnada wa kwanza, wa pili, wa tano.
Hatukuonana.

Bi Somoe Likanyage alikuja kuulizia ramani ya choo,
akaondoka na daftari letu la hesabu.
Anauza saruji na mabati, yule mama,
na deni la mtu analijua kwa mwendo wake akipita barabarani.
Kesho yake daftari lilirudi limejaa wino mwekundu.
"Bodaboda ya Mikindani, kwenda na kurudi, mara sita:
mmeiandika wapi?
Usiku mliokesha mkihamisha ukuta
kwa kuwa mke wa mteja kaota jiko upande wa pili:
uko ukurasa gani?
Ninyi hamna kampuni, wanangu.
Mna ukarimu wenye mhuri."

Basi kila Jumanne, baada ya alasiri,
tukawa tunakaa juu ya mifuko yake ya saruji
tukijifunza kutaja bei.
"Itaje, kisha ufunge mdomo.
Anayeongeza neno baada ya bei, anaipunguza."
Nandonde, mtoto wa katekista, hakuweza.
Akifika kwenye milioni mbili alikohoa,
na kile kikohozi
kilitugharimu laki tatu kila mara.

Halafu ikaja nyumba ya warithi, Mikindani.
Nyumba ya matumbawe, boriti zimeinama,
imepigwa lipu ya saruji mwaka ule wa gesi
mji mzima ulipopaka rangi kungoja wageni.
Ukuta ulikuwa unatoka jasho.
Saruji imeuziba pumzi, chumvi imerudi ndani,
ukiugusa kwa kidole, jiwe linamwagika.
Mfaume Chipila, mwashi, aliibandua lipu kwa patasi,
polepole, kama anayemfungua mgonjwa bandeji,
akachimba shimo uani, akazima chokaa,
akaifunika kwa maji na magunia.
Wiki tatu.
Wiki tatu simu za warithi hazikulala:
mbona kimya, mbona hamjengi?
Tukaandika kwenye ankara, mstari wake peke yake:
*Kungoja chokaa, siku ishirini na moja.*
Mrithi wa Masasi alicheka mpaka simu ikakatika.
Kisha akalipa.

Baada ya hapo zahanati ya Sudi, paa tu.
Ghala moja Newala, ambalo tulipata hasara
na sitaki kulieleza.
Meza ya pili. Asumini, kutoka chuo cha ufundi,
anayechora ngazi vizuri kutushinda
na anayelipwa tarehe ishirini na nane, tuwe nazo tusiwe nazo.

Mwaka huu Bi Somoe akataka duka lake likarabatiwe.
Alikaa kwenye kiti cha mteja. Akauliza, kiasi gani?
Nandonde akataja.
Mashine ya kusaga ikanguruma, ikanyamaza.
Hakukohoa.
Mama akatutazama
kama mfuko anaoushuku uzito.
"Hata mimi?"
Tukafunga midomo. Nilihesabu misumari ya dari, kumi na saba.
Akachukua karatasi, akaondoka bila kwaheri.

Jumanne ikapita, hatukujua kama twende.
Siku tisa.
Ya kumi akaja kijana wa dukani na bahasha,
nusu ya malipo, noti zimefungwa kwa mpira,
na karatasi yetu ya bei.
Chini kabisa, kwa wino mwekundu, ameongeza elfu kumi na nne:
*Bodaboda. Mmesahau tena.*

Asumini akaupuliza unga,
akaitia kwenye faili.